Wanyama wa aina tofauti wanapopandana: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Mwanza

Nafundisha baiolojia sekondari, na nyumbani nina bwawa dogo la sato. Kwa hiyo maswali hunifikia kutoka pande mbili: wanafunzi huniuliza darasani, wavuvi na wafugaji huniuliza Mwaloni Kirumba, ndani ya daladala, hata msibani. Swali ni lilelile kwa sura nyingi: mnyama wa aina hii akipandana na wa aina ile, inakuwaje? Nimeyakusanya yanayojirudia. Majibu mengine ni mafupi kwa kuwa jambo lenyewe ni fupi. La furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nimelirefusha kwa makusudi, maana linatokea hapahapa ziwani kwetu, na ndilo linaloniuma.

Ni kweli wanyama wa aina tofauti hupandana?

Ndiyo, na si kwa nadra kama watu wanavyodhani. Imeonekana kwa bata, samaki, nyani, vyura na ndorobo, nyumbani na porini. Ila kupandana ni hatua ya kwanza tu. Kushika mimba ni ya pili, kuzaa mtoto aliye hai ni ya tatu, na mtoto huyo kuja kuzaa ni ya nne. Ukiletewa habari ya namna hii, uliza kwanza imefika hatua ya ngapi. Nyingi za vijiweni huishia ya kwanza.

Mwalimu, kitabu kinasema viumbe wa spishi mbili hawawezi kuzaa pamoja. Kinadanganya?

Hakidanganyi, kinafupisha. Maana inayofundishwa shuleni inatokana na Ernst Mayr, aliyeiandika mwaka 1942: spishi ni makundi ya viumbe wanaozaliana wao kwa wao porini na wasiozaliana na makundi mengine. Angalia vizuri: ni "wasiozaliana", si "wasioweza kuzaliana". Simba na simbamarara wakifungiwa banda moja huzaa. Huko Koshien, Japani, mwaka 1959 chui dume na simba jike walizaa watoto kwenye bustani ya wanyama. Serengeti, simba na chui wanaishi pori moja miaka nenda rudi, na simba akimkuta chui anachotaka ni kumuua.

Basi kinachowatenganisha ni nini?

Ni milango mingi, mmoja nyuma ya mwingine. Kwanza mahali: wa mwambani hakutani na wa matopeni. Kisha wakati: wengine hupandana masika, wengine kiangazi, wengine usiku. Halafu zinakuja ishara, yaani sauti, harufu, rangi, namna ya kucheza mbele ya jike. Wakipita hapo, viungo vyao huenda visilingane. Vikilingana, mbegu huenda isilitambue yai. Ikilitambua, kijusi huenda kife. Kikiishi, mtoto huenda akawa tasa.

Mlango wa ishara ndio ulio rahisi kuusikia mwenyewe. Nenda kwenye dimbwi lolote pembezoni mwa mji mvua za kwanza zinapoanza. Kila spishi ya chura ina mlio wake, na jike hufuata mlio wa kwao. Dume lakini ana haraka. Hushika chochote kinachosogea, awe jike wa spishi nyingine, dume mwenzake, hata samaki. Akishikwa dume, hutoa mlio mfupi wa kukataa, na aliyemshika humwachia. Makosa mengi kati ya spishi huanzia kwa madume namna hii, na husahihishwa na majike.

Kwa nini nyumbu wa kubeba mizigo hazai?

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Simsemi nyumbu wa Serengeti. Namsema mtoto wa punda dume na farasi jike, ambaye wengine humwita baghala. Farasi ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) 64, punda 62. Mtoto hupata 32 kwa mama na 31 kwa baba, jumla 63. Mwili wake unaendelea vizuri kwa hesabu hiyo, tena ana nguvu na ustahimilivu kuliko wazazi. Shida huanza anapotakiwa kutengeneza mbegu au yai, kwa sababu kromosomu lazima zipangane mbilimbili na zake hazipati wenzi. Ndiyo maana ni tasa, isipokuwa majike wachache mno waliowahi kuzaa.

Punda na punda milia je?

Huzaa. Mwaka 2020 huko Chyulu, Kenya, punda milia jike aliyekuwa ametoka Hifadhi ya Tsavo Mashariki na kuishi miongoni mwa mifugo ya watu alionekana na mtoto wa rangi ya kahawia mwenye milia miguuni. Baba yake alikuwa punda wa kawaida. Punda milia wa nyanda zetu ana kromosomu 44, mbali sana na 62 za punda, kwa hiyo mtoto wa hivyo usitarajie kumwona akizaa.

Beberu wangu analala banda moja na kondoo, na nimemwona akimpanda kondoo jike. Nitapata nini?

Karibu kila mara, hutapata kitu. Mbuzi ana kromosomu 60, kondoo 54. Mimba inaweza kushika, lakini kijusi hufa mapema tumboni. Wachache sana duniani wamezaliwa wakaishi. Anayejulikana zaidi ni wa Botswana, aliyepimwa akakutwa na kromosomu 57, yaani nusu kwa nusu kamili. Wewe tenganisha banda. Kondoo aliyeshika mimba ya namna hiyo anakupotezea msimu.

Mbuzi wa jirani kazaa kitu chenye uso wa mtu. Watu wamejaa. Je, inawezekana mtu na mnyama wakapata mtoto?

Haiwezekani. Hapa sina la kupunguza wala kuzungusha. Binadamu ana kromosomu 46 na mbuzi 60, lakini hesabu ya kromosomu ni sehemu ndogo tu. Ukoo wetu na wa mbuzi uliachana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Mbegu na yai vya viumbe walioachana kiasi hicho haviwezi kutengeneza kiumbe hai.

Kilicholala pale uani ni mwanambuzi aliyeharibika tumboni. Maji yakijaa chini ya ngozi ya kijusi, kichwa huvimba kikawa cha duara. Taya likikosa kukua, uso hufupika. Akitoka kabla ya wakati hana manyoya, na ngozi tupu humfanya aonekane kama mtoto mchanga wa mtu. Husababishwa na virusi, mimea yenye sumu aliyokula mama, au kasoro ya vinasaba. Usimshike kwa mikono mitupu, maana mimba zinazotoka kwa mifugo zinaweza kubeba brusela au homa ya Bonde la Ufa, na vyote viwili humpata mtu. Mwite daktari wa mifugo. Kama hapatikani, fukia kwa kina na unawe kwa sabuni.

Na jambo jingine, ambalo ndilo hasa lililonifanya niliweke swali hili. Usukumani kwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi zilizoanza na mambo madogo kuliko hili. Watu wanapozunguka mzoga wa mwanambuzi, baada ya dakika chache anaanza kutajwa mtu, na mara nyingi anayetajwa ni bibi anayeishi peke yake. Ukiwepo hapo, sema kwa sauti: huu ni ugonjwa. Usingoje mwingine aseme.

Bata bukini amempanda bata wa kawaida, na mayai yameanguliwa. Vifaranga hawa watakuja kutaga?

Watakua haraka na watakuwa na nyama nzuri, lakini hawatazaa. Bata bukini, yule mwenye nyama nyekundu usoni, asili yake ni Amerika ya Kusini, na wa kawaida ametokana na bata mwitu wa kaskazini. Huko Ufaransa wanawazalisha machotara hawa kwa makusudi kwa ajili ya nyama. Usistaajabu mayai yakichelewa au kuwahi tofauti na ulivyozoea: ya bata wa kawaida hulaliwa siku kama 28, ya bukini kama 35, na ya chotara huwa katikati.

Kanga na kuku pia wamewahi kupata watoto. Ni nadra, na ni tasa.

Mbwa na fisi?

Hapana. Watu hudanganywa na umbo. Fisi si wa ukoo wa mbwa. Yuko karibu zaidi na nguchiro na paka. Mbwa mwitu wa Serengeti, yule mwenye madoa, naye hazai na mbwa wa nyumbani. Paka ndiye wa kuangaliwa: paka wa nyumbani ametokana na pakapori wa Afrika na Mashariki ya Kati, na hadi leo wawili hao huzaa pamoja bila shida. Kijiji kilicho kando ya pori kikiwa na paka wengi wanaozurura, pakapori halisi hupungua kizazi baada ya kizazi.

Umesema la furu ndilo kubwa. Furu wamefanya nini?

Hawajafanya kosa. Waliofanya ni sisi.

Furu ni jina moja tulilowapa samaki wa spishi zaidi ya 500. Kabla ya sangara kutawala miaka ya 1980, sehemu kubwa ya uzito wa samaki wote wa Ziwa Victoria ilikuwa furu. Wanaoishi kwenye miamba wavuvi wanawaita mbipi, na Mwanza ni mji wa miamba, kwa hiyo tuko katikati ya makao yao. Wawili kati ya hao wamechunguzwa kuliko karibu samaki wengine wote wa ziwa hili. Mmoja ni Pundamilia pundamilia. Jina la kisayansi lilichukuliwa kwenye lugha yetu kwa sababu ya milia yake. Mwenzake ni Pundamilia nyererei, aliyeitwa hivyo kumheshimu Mwalimu Nyerere. Dume wa kwanza ana rangi ya bluu-kijivu. Dume wa pili ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike wao ni wa rangi iliyopoa, na ukiwaweka mkononi utapata taabu kuwatofautisha.

Sasa tazama wanavyopandana. Dume hushika mahali pake mwambani na kujionyesha. Jike akikubali, hutaga mayai machache na kuyaokota papo hapo kwa mdomo. Kwenye pezi la chini, nyuma, dume ana madoa ya rangi ya chungwa yanayofanana kabisa na mayai. Jike huyadonoa akidhani ameacha mengine, na hapo ndipo anapopokea mbegu. Mayai yanarutubishwa ndani ya mdomo wake. Kisha hubeba watoto mdomoni wiki kadhaa, hali vizuri, anakonda. Dume hana msaada wowote kwenye malezi. Kwa hiyo jike ana sababu kubwa ya kuchagua vizuri, na anachagua kwa macho. Rangi ndiyo mlango wenyewe. Nyuma yake hakuna mlango mwingine ulio imara: spishi hizi mbili zikipandana, watoto wao ni wazima na wanazaa.

Rangi haionekani bila mwanga wake. Maji yakiwa na matope na mwani, mwanga wa bluu humezwa karibu na juu, na unaobaki kwenda chini ni wa manjano na mwekundu. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walitembelea visiwa kuanzia Ghuba ya Mwanza hadi mdomo wa Ghuba ya Speke. Kwenye kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, wa bluu hukaa juu, wekundu hukaa chini kidogo, na hawachanganyiki. Ndani ya Ghuba ya Mwanza, kwenye visiwa vyenye maji ya kati, mpaka unalegea. Ukifika Luanso, kusini mwa ghuba, ambako ukizamisha mkono huoni vidole, wale wawili hawapo tena. Kuna kundi moja la samaki wa rangi isiyo bluu wala nyekundu.

Waliwajaribu pia kwenye matangi. Chini ya taa nyeupe, majike walichagua madume wa kwao. Taa ilipobadilishwa kuwa ya chungwa, rangi za madume zikafanana, na majike wakakubali yeyote. Matokeo hayo yalichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na yale ya uchafu wa maji yalitoka katika jarida la Science mwaka 1997. Dunia nzima ya wanabaiolojia inaijua Ghuba ya Mwanza kwa sababu hiyo. Nimefundisha vijana waliozaliwa Igombe na Luchelele, wanaogelea juu ya samaki hao, na hawajawahi kusikia habari hiyo. Ndiyo maana naiandika.

Maji yanachafuka kwa nini?

Udongo unaoshuka kutoka mashamba yasiyo na matuta. Mbolea na kinyesi cha mifugo. Majitaka ya miji. Simama darajani juu ya Mto Mirongo baada ya mvua utaona mwenyewe unachopeleka ziwani. Hata moshi na vumbi la mioto ya mbuga huanguka juu ya maji likiwa na fosforasi. Vyote hivyo ni chakula cha mwani, na mwani ukijaa, mwanga hauendi mbali.

Kama chotara wa furu ni mzima na anazaa, hasara iko wapi?

Mvuvi mmoja mzee wa Ukerewe aliniuliza hivi, na nilimpa jibu baya. Nilimwambia ni hasara ya sayansi. Akacheka kwa upole akasema, "Mwalimu, sayansi haili." Nimelifikiria jibu upya tangu siku ile.

Kila furu ana kazi yake na meno yake. Kuna anayekwangua mwani kwenye jiwe, anayechuja vijidudu majini, anayewinda watoto wa samaki wengine, anayefukua tope. Kuna wenye taya nzito za kusaga konokono, na konokono ndio wanaobeba kichocho. Wawili wakiyeyuka kuwa mmoja, taya lao nalo huelekea kuwa la katikati, lisilofaa sana kwa kazi ya huyu wala ya yule. Ziwa lenye wafanyakazi mia tano hutumia kila punje ya chakula kilichomo. Wakibaki aina chache, chakula kingi huoza chini, na kuozea huko humaliza oksijeni wanayoitegemea hata sangara na sato.

Jambo jingine ni kwamba hakuna mzoga. Samaki wakifa kwa sumu, wanaelea, watu wanapiga kelele, viongozi wanakuja. Spishi ikipotea kwa kuchanganyika, nyavu zinaendelea kutoka na furu. Uzito mizani inasoma uleule. Hakuna siku hata moja ambayo mtu angeweza kusema, leo amekufa wa mwisho.

Lakini nimesoma kwamba furu wenyewe walitokana na kuchanganyika. Mbona unapinga kitu kilichowaleta?

Swali zuri kuliko yote, na ni la mwanafunzi wa kidato cha tano. Umesoma sawa. Kiasi cha miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, kisha likajaa tena. Kwa muda mfupi hivyo zikatokea spishi mia tano. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa vinasaba ulioonyesha kwamba mababu wa furu wa eneo hili walikuwa machotara: koo mbili zilizoishi mbalimbali, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, zilikutana yapata miaka 150,000 iliyopita. Jeni ya jicho inayohusika na kuona mwanga mwekundu ilikuja kwa namna tofauti kutoka kila ukoo. Kwa hiyo kuchanganyika kule ndiko kulikompa mmoja jicho la maji ya juu na mwingine jicho la maji ya chini.

Tofauti iko kwenye kilichofuata. Machotara wa zamani waliingia ziwa jipya, tupu, lenye miamba, mchanga, vina na mwanga wa kila aina. Mchanganyiko wao ulipata nafasi ya kugawanyika tena. Machotara wa Luanso wanaishi kwenye mwanga wa aina moja. Hakuna cha kuwagawanya. Kuchanganyika ni kulekule. Kilichobadilika ni maji.

Ngege alienda wapi? Babu anasema ndiye aliyekuwa samaki wa ziwa hili.

Babu anasema kweli. Ngege ndiye alikuwa tilapia mkuu wa Ziwa Victoria, pamoja na mwenzake mbiru. Nyavu za kisasa zilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20 alivuliwa kupita kiasi. Ziwa lilipochunguzwa mwaka 1927 na 1928, tayari ilionekana anapungua. Kuanzia miaka ya 1950 wakaletwa tilapia wa nje, mmoja wao akiwa sato. Naam, sato tunayemwita wa kwetu ni mgeni wa juzi.

Sato alimzidi ngege kwa njia tatu. Anakula karibu kila kitu. Dume wake ni mkubwa na mkali, huwafukuza wengine kwenye maeneo ya kutagia. Na anapandana na ngege na mbiru; machotara wao wamethibitishwa katika maji ya bonde hili. Aliyebaki mchache akikosa mwenzake, humpokea aliye mwingi. Ndivyo inavyokuwa kwa wanyama wengi: upweke ndio hufungua mlango wa mwisho. Leo ngege hupatikana zaidi kwenye viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli upande wa Kenya, ambavyo mafunjo na vinamasi vimevitenga na ziwa kuu.

Ndiyo sababu siwaelewi wanaomwaga vifaranga vya sato kwenye kila kiziwa ili "kusaidia wananchi". Kiziwa kisicho na sato huenda ndicho kina ngege.

Je, sangara huweza kupandana na sato au furu?

Hapana. Ni wa koo za mbali kabisa, hata kutaga kwao ni tofauti: sangara humwaga mayai mengi majini na kuyaacha. Sangara hana ndugu wa karibu ndani ya Ziwa Victoria.

Naanza kufuga kwenye vizimba. Muuzaji ananiambia vifaranga vyake ni "madume tupu". Wanapatikanaje?

Wafugaji hutaka madume kwa sababu wanakua haraka, na kwa sababu majike wakiwemo bwawa hujaa vitoto visivyokua. Njia iliyozoeleka ni kuwalisha watoto wachanga chakula chenye homoni kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo. Njia ya pili ndiyo inayoingia kwenye mada yetu: kupandanisha spishi mbili. Miaka ya 1950, mtafiti Hickling alipandanisha huko Malacca, Malaysia, tilapia wa aina mbili, mmoja akiwa ametoka Zanzibar, akashangaa kupata watoto wote madume. Asili ya yule wa Zanzibar ni mito ya pwani yetu upande wa Wami. Yaani ujuzi huo duniani ulianzia kwa perege wa Tanzania.

Shida ni usafi wa wazazi. Kizazi cha kwanza cha wazazi halisi huwa madume karibu wote. Mzazi mmoja akiwa tayari amechanganyika, hesabu huharibika. Mimi mwenyewe niliuziwa vifaranga elfu moja vya madume tupu. Mwezi wa tano nilikuta majike wamebeba mayai mdomoni, na wengine wana milia na midomo isiyo ya sato kabisa. Muuzaji hakuwa mwongo. Naye aliuziwa wazazi hivyohivyo. Kwa hiyo usiulize tu kama ni madume. Uliza wazazi wametoka wapi, wametunzwa mabwawa gani, na kama samaki wa nje huingia humo mafuriko yanapokuja. Wataalamu wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) na wa chuo cha uvuvi Nyegezi wanaweza kukusaidia kuwatambua.

Kizimba chako kikichanika, walio ndani wanakuwa wa ziwa zima. Kagua nyavu kila wiki.

Ni kweli Shinyanga waliwahi kuua ndorobo kwa kuwapandanisha?

Ni kweli, na inasikitisha kwamba sisi wa kanda hii hatuifundishi. Shinyanga palikuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa ndorobo. Mkurugenzi wake C. F. M. Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Ndorobo Glossina swynnertoni ana jina lake. Miaka ya 1940, mtafiti F. L. Vanderplank aligundua kwamba huyo akipandana na ndorobo wa spishi nyingine, Glossina morsitans, watoto madume huwa tasa na majike hawana uzazi wa maana. Ndorobo jike kwa kawaida hupandwa mara moja na huzaa buu mmoja mmoja, kwa hiyo kupandwa na asiye wake ni kupoteza maisha yake yote ya uzazi.

Akaleta buu-bwete (buu aliyejifunga kabla ya kuwa ndorobo kamili) wengi wa morsitans akawaachia kwenye pori la swynnertoni. Wenyeji wakaporomoka. Wageni nao, wasioweza kustahimili ukame wa pale, wakatoweka baadaye. Pori likabaki karibu bila ndorobo, pasipo tone la dawa. Miongo kadhaa baadaye, Unguja ilimaliza ndorobo wake mwaka 1997 kwa njia ya jamaa: kuachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi.

Mbu nao?

Mbu wawili wakuu wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, huonekana sawa kwa macho. Wakipandana, watoto wa kike huzaa, wa kiume ni tasa. J. B. S. Haldane aliitambua kanuni hiyo mwaka 1922: chotara wa jinsia moja akiwa tasa au akikosekana, huwa ni yule mwenye kromosomu za jinsia zisizofanana. Kwa mbu ni dume. Kwa ndege ni jike.

Na minyoo ya kichocho?

Ndiyo, hata hao. Ndani ya mshipa wa mtu, minyoo dume humkumbatia jike kwenye mfereji wa mwili wake na kuishi hivyo miaka. Kichocho cha mkojo na kichocho cha ng'ombe ni spishi mbili, na machotara wao wamepatikana. Mmoja wao aliwaambukiza watu waliooga mtoni Corsica, Ufaransa, kuanzia mwaka 2013. Ng'ombe wako na watoto wako wasitumie dimbwi moja.

Kuna nyani au kima chotara Tanzania?

Wapo Gombe, Kigoma. Kima wa bluu na kima mwenye mkia mwekundu wanazaa pamoja, watoto wanazaa, na vinasaba vinaonyesha jambo hilo limeendelea kwa vizazi vingi. Kule Amboseli, Kenya, nyani wa manjano na nyani wa kijani wanafanya vivyo hivyo. Sina wasiwasi nao kama nilivyo na furu, kwa sababu spishi zote mbili za kima zina makao makubwa nje ya Gombe.

Naweza kuwaona hao mbipi kwa macho yangu?

Unaweza. Chagua asubuhi isiyo na upepo, siku chache baada ya mvua kukatika, maji yakiwa yametulia. Mpe mwenye mtumbwi nauli akupeleke kwenye miamba mbali kidogo na mji, au panda boti ya kwenda kisiwa cha Saanane pale Capri Point. Usiingie majini, kuna kichocho, na pengine mamba. Jua likishapanda kiasi, egemea ukingo upande ambao kivuli chako hakiangukii maji, tazama ufa kati ya jiwe na jiwe, na usitikisike. Dume akishaona hatari imepita atatoka mwenyewe na kusimama mbele ya pango lake. Angalia mgongo wake kama ni bluu au mwekundu. Ukishindwa kabisa kusema ni rangi gani, andika jina la mahali hapo na tarehe.